Ntheo Isiyo na Moshi

Anko Mbaluka hakuwa mtu wa maneno mengi kabla hajaenda Kiboko. Alikuwa mkulima wa ndengu hapa Tulia, mzee wa kanisa, mume wa Anti Kaluki ambaye ni dada ya mamangu, na baba ya Kathini. Ukimwuliza habari alikujibu "nzuri." Ukimwuliza mvua aliangalia juu. Ukimwuliza siasa alivuta kofia chini mpaka kwenye nyusi. Kisha shirika moja likaja kutafuta wakulima wa kwenda semina huko Kiboko, na kwa vile mwenyekiti wa kikundi cha ndengu alikuwa amelala na malaria, Anko akaenda kwa niaba yake.

Alitoka hapa mkulima, akarudi mtaalamu.

Semina yenyewe, alivyotueleza, ilihusu kupima maisha. Si maisha ya mtu, maisha ya kitu. Kijiko, kiti, gunia. Kila kitu huzaliwa mahali, husafiri, hufanya kazi, huzeeka, hutupwa. Katika kila hatua kinatoa moshi, kinakunywa maji, kinaacha taka. Sisi watu wa kawaida hukiangalia kitu kikiwa mkononi tu, tukasema hiki kizuri, hiki kibaya. Makosa makubwa! Kitu lazima kihesabiwe tangu tumboni mwa mama yake hadi kaburini. Jina lake kamili lilikuwa tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa. Hilo ni jina la Kiswahili. La Kikamba hakuna aliyelijaribu.

Ili wafundishwe hayo, watu walitoka Kitui, Makueni na Nairobi, kila kundi na gari lake. Walipewa maji ya chupa, kuku wa kukaanga na kuku wa mchuzi, kofia, mkoba, na fulana kubwa ya kijani yenye picha ya jani kifuani. Nilimwuliza Anko kama na semina yenyewe ilipimwa.

Alivuta kofia chini.

"Wewe uko Form ngapi?"

"Tatu."

"Soma kwanza."

Akaanza na nyumba yake. Jioni moja aliinua thermos ya Anti Kaluki, ile yenye maua mekundu, akaishika kama daktari anavyoshika mtoto.

"Mama Kathini, unajua hii imetoka wapi?"

"Dukani."

"Kabla ya duka."

"Sikuuliza. Nilikuwa nanunua, sikuwa naposa."

"Imevuka bahari kwa meli! Meli imechoma mafuta! Halafu lori kutoka Mombasa, halafu ikivunjika hii, haiozi hata miaka mia."

"Na wewe chai unataka ya moto ama baridi?"

"Ya moto."

"Basi mwambie nahodha wa meli asante, unywe."

Kanisani alifanikiwa zaidi. Kamati ilikuwa imeamua kuondoa mabenchi ya mbao na kuleta viti vya plastiki. Baada ya matangazo Anko akasimama, akasimulia maisha ya kiti cha plastiki tangu kisima cha mafuta huko Uarabuni mpaka jalala la Kitui mjini, kwa uchungu mkubwa hata pasta akadhani ni ushuhuda, akasema "Amina." Ukishaitikiwa amina na pasta, kamati itasema nini? Mabenchi yakabaki. Kina mama wenye shida ya mgongo walianza kumsalimia Anko Mbaluka kwa kidole kimoja.

Halafu ikaja zamu ya mbuzi.

Kule Kiboko waliambiwa kwamba mnyama anayecheua hutoa gesi mbaya kwa hewa. Anko alikuwa na mbuzi watatu: majike mawili na beberu mwenye pembe moja iliyopinda, ambaye Anti alimwita Chifu kwa sababu alikuwa hafanyi kazi na haachi kula. Jioni moja nilimkuta Anko amesimama kando ya zizi, sikio mbele, anasikiliza. Nikasimama naye. Tukasikiliza pamoja. Mimi nilisikia mbuzi wakitafuna. Yeye nafikiri alisikia mwisho wa dunia.

Siku ya soko aliwapeleka wote kwa Hersi. Hersi ni mchuuzi wa mifugo, familia yao ni ya upande wa Garissa, na zizi lake liko Kabati, mji wa jirani. Kila siku ya soko huja Tulia kununua mbuzi na kuuliza watu habari za watoto wao kwa majina.

"Mzee Mbaluka, unauza zote? Kuna ugonjwa?"

"Hakuna ugonjwa. Wanacheua."

Hersi alimfungua Chifu mdomo, akatazama meno.

"Mzee, wallahi, mbuzi ikiacha kucheua ndiyo inakufa."

"Ndiyo shida yenyewe," Anko akasema, akapeana kamba.

Anti Kaluki hakutoka nje siku hiyo. Chifu alikuwa na tabia ya kuja mlango wa jikoni kila jioni kuchukua maganda ya viazi, na kwa siku kadhaa Anti aliendelea kuyaweka pale, akayaondoa asubuhi, akimtupia mumewe macho yanayotoa moshi ambao haukuhesabiwa.

Basi hali ilikuwa hivyo habari za ntheo zilipofika.

Ntheo ni mbuzi watatu ambao upande wa mwanamume hupeleka kwa kina msichana. Kwetu Ukambani bila hao mbuzi hakuna ndoa, hata mkiwa na cheti cha serikali, hata kwaya ikiimba mpaka sauti zikauke. Siku hizi wako wanaoleta pesa badala yake, lakini wazee wa nyumba yetu hawataki kusikia hayo. Na kuna jambo jingine: mtoto akizaliwa kabla ya ntheo, huyo ni mtoto wa boma la mama yake. Anakuwa wa babu. Baba yake anabaki mgeni anayeleta zawadi.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililokuwa likiwanyima watu usingizi.

Kathini alikuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa huko Emali. Musyimi, mchumba wake, alikuwa dereva wa lori la kokoto huko huko. Kathini alipokuja likizo, kitu cha kwanza alichoniomba ni nimbandulie udongo wa kichuguu, ule mwekundu, mgumu.

"Wa nini?"

"Wa kula. Na ufunge mdomo."

Nilifunga. Lakini Anti alijua, mamangu alijua, na sauti ya kwanza yote ya kwaya ilijua. Asiyejua alikuwa mmoja tu, yule anayepima kila kitu. Tena kosa ni lake, kwa sababu ndiye aliyempa Kathini ile fulana kubwa ya kijani, na Kathini akawa haivui. Anko alikuwa akimwangalia binti yake anapita na jani kifuani, anatuambia, "Mnaona? Vijana wakielezwa, wanaelewa."

Musyimi alikuwa na Jumamosi moja tu mwezi huo wa Juni. Jumatatu yake lori lilikuwa linaenda Marsabit kwa kazi ya barabara, na yeye nalo, mpaka karibu na Krismasi. Kufikia Krismasi mtoto atakuwa ameshazaliwa na ameshaitwa jina. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi hiyo, ama mtoto awe wa Mbaluka.

Musyimi akapiga simu kuomba siku. Anko aliiweka simu mezani, sauti juu, tukasikia sote.

"Karibuni sana. Na mbuzi watatoka wapi?"

"Huku kwetu Emali, mzee."

"Watakuja na nini?"

"Na lori, mzee."

Anko alifumba macho kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Mbuzi tatu. Ndani ya lori ya tani kumi. Kutoka Emali mpaka Tulia. Mwanangu, umewahi kufikiria hiyo moshi?"

"Mzee, mimi ni dereva. Mimi huifikiria kila siku."

"Basi sikia. Nataka mbuzi wa karibu. Wa karibu kabisa, tena wasipande gari, waje kwa miguu yao. Na nataka kujua wamezaliwa wapi. Mimi nataka ntheo isiyo na moshi."

"Wewe unataka binti asiye na bwana," Anti akasema kutoka jikoni.

Usiku huo huo Kathini alimpigia Musyimi akimnong'oneza afanye tu vile mzee anataka, asibishane, atafute mbuzi wa karibu. Musyimi naye hakuwa na namba ya mtu yeyote Tulia isipokuwa ya mchuuzi mmoja, aliyopewa na madereva wenzake. Akampigia Hersi. Akamwambia anataka mbuzi watatu, mmoja beberu, wa karibu kabisa na kwa Mzee Mbaluka. Hakusema ni wa nini. Na Hersi ni mtu mwaminifu: ukimwagiza kitu anakupa hicho hicho.

Jumamosi ikafika. Anti alikuwa amepika pilau, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, kuku, na chai ya kutosha kuogea. Upande wetu alikuwepo Mzee Muli, kaka mkubwa wa Anko, ambaye mambo yote ya mila huamuliwa na yeye, na asiyecheka kabla ya kula. Wageni waliingia kwa miguu wamejaa vumbi: Musyimi, baba yake Mzee Muthama, na wazee wawili wa ukoo wao. Suti zao zilikuwa na mikunjo ambayo mtu haipati kwa kutembea. Mimi nilijua sababu, maana lori walikuwa wameliacha nyuma ya posho mill pale sokoni na nilikuwa nimetoka kusaga. Sikusema. Nilikuwa nimejifunza kufunga mdomo.

Nyuma yao walikuja mbuzi watatu kwa kamba.

Anko aliwapokea langoni amevaa kofia ya semina.

"Wametembea?"

"Kila hatua, mzee," Musyimi akasema. "Hawajui hata gari ni nini."

"Na wametoka karibu?"

"Tumeambiwa hakuna karibu kuliko hapo."

Anko alishika mkono wa kijana huyo kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona amefurahi vile. Nafikiri wakati huo angempa mabinti kumi, kama angekuwa nao.

Ndipo beberu alipomtoka mzee aliyemshika. Hakukimbia. Alipita katikati ya wageni kama mwenye nyumba aliyechelewa, akakata kona ya ghala, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa jikoni, akasimama hapo, na pembe yake moja iliyopinda, akingoja maganda.

"Aiya!" Anti akasema. "Chifu!"

Yale majike mawili yakaenda zizini. Lango la zizi lilikuwa limerudishwa tu bila kufungwa. Jike la mbele likalisukuma kwa kichwa pale pale linaposukumwa, yakaingia, yakalala.

Watu wote wakageuza shingo kutoka jikoni hadi zizini. Kuku tu ndio walioendelea kudonoa.

Mzee Muli alisogea mpaka zizini polepole. Akawatazama. Akarudi.

"Muthama, muthoni wangu," akasema, akimwita mkwe kwa Kikamba, "mnisaidie. Ntheo imefika, ama mbuzi wamerudi nyumbani?"

"Hawa ni mbuzi wetu," Mzee Muthama akajibu. "Tumewanunua kwa haki."

"Sikatai mmewanunua. Lakini mbuzi aliyezaliwa boma hili hawezi kuja kuoa boma hili. Ni kama Mbaluka amejitolea ntheo mwenyewe. Sasa amemwoa nani? Binti yake?"

Mzee mmoja wa Emali akatema mate kando kuondoa hilo neno. Musyimi alikuwa tayari na simu sikioni, jasho linamtoka.

"Hersi! Hersi, hizi mbuzi ulitoa wapi?"

Sauti ya Hersi ikasikika mpaka kwetu, na furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri. "Kwa Mbaluka mwenyewe! Si ulitaka ya karibu? Ndugu yangu, kuna karibu kuliko hapo?"

Musyimi akakata simu. Hakuna aliyemwangalia.

Wazee wakakaa chini. Mzee Muthama hakuwa mtu wa kushindwa haraka. Alimgeukia Anko kwa heshima.

"Muthoni, nimesikia wewe ulisoma mambo haya kule Kiboko. Huko walisema nini?"

Lilikuwa swali la kumpaka mafuta, na mafuta yakaingia. Anko alivua kofia, akaiweka gotini.

"Kule walisema kuna mpaka. Kabla hujahesabu kitu chochote, unaamua hesabu inaanzia wapi na inaishia wapi. Ukibadilisha mpaka, jibu linabadilika."

"Basi tuanzie sokoni!" Mzee Muthama akapiga goti. "Wewe uliuza, Hersi akanunua. Hapo wakawa mbuzi wa Hersi. Sisi tukanunua kwa Hersi. Boma lako halimo tena kwa hesabu."

Musyimi alipumua. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona Kathini akifumbua mikono aliyokuwa ameikunja juu ya lile jani la kijani.

"Wewe Mbaluka," Mzee Muli akasema taratibu, "nani alitusumbua mwaka mzima na tangu tumboni, tangu tumboni? Kiti cha kanisa kilihesabiwa tangu Uarabuni. Lakini mbuzi wa binti yako ndio wataanza kuhesabiwa sokoni?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kuzama ndani ya kisima alichochimba akiwa anafurahia ubaridi wa maji. Anko angeweza kusema ndiyo. Kila mtu pale, hata kuku, alikuwa anataka aseme ndiyo. Lakini aliyaona macho ya kaka yake, akayakumbuka mabenchi, na nafikiri alimwona pasta akisema amina.

"Hapana," akasema. "Kuanzia sokoni ni wizi. Hivyo ndivyo viwanda hufanya, vinaanza kuhesabu pale panapovipendeza. Ni tangu tumboni, ama si hesabu." Akaigeuza kofia gotini. "Mbuzi hawa ni wa hapa. Ntheo haijafika. Wazee wangu, mtarudi siku nyingine."

Mzee Muthama alichukua fimbo yake. Aliichukua polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujirudi. Anko hakujirudi. Alikuwa ameinua kidevu kama mfia dini.

Mimi nilikuwa nyuma ya ghala nikiosha vikombe Anti Kaluki alipomvuta mumewe hapo kwa mkono wa shati. Hawakuniona, ama waliniona na hawakujali.

"Baba Kathini, wewe unajua kuhesabu?"

"Unajua najua."

"Basi hesabu tangu Desemba."

"Nihesabu nini?"

Anti alielekeza macho upande wa dirisha la jikoni, ambapo Kathini alikuwa amesimama kiubavu, anajifuta uso kwa upindo wa fulana. Ukiwa umeambiwa utazame, hata kipofu angeona.

Anko alitazama. Midomo yake ikaanza kwenda, ikasimama.

"Ile fulana..." akasema.

"Ile fulana."

"Nilidhani anapenda mazingira."

"Anapenda sana. Sasa sikia. Jumatatu kijana anaenda Marsabit mpaka Krismasi. Hawa wazee wakitoka na fimbo zao leo, mtoto anazaliwa hapa, anakuwa wako, na Musyimi atakuwa anabisha hodi akitaka kumwona damu yake. Ni wewe utamweleza Kathini ni kwa sababu ya moshi. Mimi sitaweza. Mimi sikwenda Kiboko."

Akamwacha hapo. Anko alishika ukuta wa ghala. Aliniona. Nilidhani ataniambia nisome.

"Ulikuwa unajua?"

"Kidogo, Anko."

"Kidogo," akarudia. Kisha akaenda mbio. Mzee wa kanisa, mbio, kofia mkononi.

Wageni walikuwa wameshafika langoni.

"Nimepima upya!" akasema, akihema. "Hesabu inaanzia sokoni. Mbuzi ni wa Hersi. Rudini tule."

"Hata ukianzia mbinguni," Mzee Muli akasema nyuma yake. "Wewe badilisha mpaka wako. Mila haina mpaka wa kubadilisha. Mbuzi wa hapa ni wa hapa."

"Kaka."

"Hapana."

"Kaka, tafadhali."

Mzee Muli alimwangalia vizuri. Wao ni ndugu. Nafikiri kuna kitu alikisoma usoni mwake. Sauti yake ikashuka.

"Sijasema binti asiolewe. Nimesema mbuzi. Leteni mbuzi wengine, ambao hawajawahi kuona boma hili, kabla jua halijazama, na mimi nitakuwa wa kwanza kula. Jua likizama, hiyo ni siku nyingine."

Mbuzi wengine walikuwa Kabati kwa Hersi. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea. Kwenda Kabati na kurudi kwa miguu, ukiburuta mbuzi, hata malaika asingefika.

Anko aliwageukia wageni.

"Hamna gari?"

Mzee Muthama aliangalia mawingu. Musyimi aliangalia viatu.

"Semeni!"

"Iko, mzee," Musyimi akasema. "Nyuma ya posho mill."

"Gari gani?"

"Ni... ni ile lori, mzee. Lakini tulizima tukiwa mbali ndiyo isitoe..."

"Ni ya tani kumi?"

"Ni ya tani kumi."

"Ina mafuta?"

"Inayo."

"Basi mbona tumesimama?"

Tulilisikia lori hilo kabla ya kuliona. Musyimi alikuwa amesema kweli kwamba moshi wake aliufikiria kila siku. Ulikuwa moshi wa kufikiriwa. Lilipogeuza pale njia panda, nguo zote za Anti zilizokuwa kwenye kamba zilibadilika rangi. Anko alipanda mbele kabla halijasimama vizuri, kwa sababu, alisema, yeye tu ndiye anayeweza kuhakikisha mbuzi si wake.

Yaliyotokea huko Musyimi alinisimulia baadaye. Alisema njiani alikuwa akienda taratibu kwa heshima ya mzee, asiongeze moshi, na kila alipopunguza, mzee alipiga dashibodi kwa kiganja. "Kanyaga! Hii ni gari ama ni mkokoteni?" Walipofika Kabati, Hersi alitoka anacheka, amenyoosha mikono.

"Mzee Mbaluka! Umekuja kununua zile zako? Zimeisha. Lakini nina zingine za karibu, za hapo Migwani..."

"Sitaki za karibu. Nataka za mbali."

"Za mbali?"

"Za mbali kabisa. Kuliko zote ulizonazo."

Hersi aliacha kucheka, akadhani ni mtego wa kodi. "Mzee, ziko za Garissa. Nisikufiche, zimekuja na lori, na njiani lori ikaharibika, zikahamishwa lori ingine."

"Lori mbili?"

"Lori mbili."

"Hizo," Anko akasema. "Hizo hizo."

Jua lilikuwa limebaki kama kipande cha papai juu ya kilima waliporudi. Mbuzi watatu wa Garissa, weupe, vichwa vyeusi, walishushwa wakitetemeka miguu, wakaangalia boma letu kwa dharau ya wasafiri. Hawakujua jikoni ni wapi. Hawakujua zizi. Mmoja aliingia chooni. Mzee Muli aliwazunguka, akaridhika kabisa, akasema, "Hawa ni wageni." Vigelegele vikatoka, na sauti ya kwanza ya kwaya, ambayo sikujua ilikuwa imejificha wapi, ikatoka yote nyuma ya nyumba ya jirani.

Beberu wa Garissa alichinjwa, wazee wa pande zote wakala pamoja, na neno likaisha hapo. Mzee Muli alicheka mara mbili. Mzee Muthama alimwita Anti "mama yetu." Kathini alikuja kusalimia wakwe akiwa amevaa leso juu ya fulana, na hakuna aliyemwambia kitu isipokuwa mzee mmoja wa Emali, ambaye alimwongezea kipande cha ini bila kuulizwa.

Likabaki jambo moja dogo. Chifu na wenzake wawili walikuwa wa nani?

Musyimi alikuwa amewanunua. Ntheo walikuwa wamekataliwa. Anko hakuwa na haki ya kuwarudisha, na Mzee Muthama alisema waziwazi kwamba hawezi kuacha mali ya mwanawe ilale kwa kina mke kabla hata mke hajazoea kuitwa mke. Kwa hiyo ikabidi wapandishwe lori kwenda Emali. Majike yalipanda. Chifu alikataa katakata. Yeye alikuwa ameshapata maganda yake na haoni sababu ya safari. Ni Anko Mbaluka mwenyewe aliyemshika miguu ya nyuma akamsukuma juu, shavu lake limebanwa kwenye mkia, huku Anti akilia kidogo na kucheka kidogo.

Kathini alikuwa anarudi kazini Emali, kwa hiyo akapanda mbele na mumewe, mto umewekwa mgongoni. Wazee wakabanana kando yake. Lori likanguruma, likatoa wingu jeusi, likaondoka na watu, mbuzi na kila kitu.

Anko alilikimbilia hatua chache, akikohoa ndani ya moshi, mkono juu.

"Musyimi! Polepole kwa matuta! Hapo mbele kuna mashimo!"

Sijui kama walisikia. Taa nyekundu zilipotea nyuma ya posho mill. Mzee Muli akamwuliza kama amehesabu ya leo yote, ya Garissa, ya Kabati, na hii inayokwenda Emali. Anko alikuwa amesimama katikati ya barabara, amenyoosha vidole vya mkono wa kushoto, anavikunja kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, midomo ikitembea. Nilisogea karibu nisikie ni kilo ngapi za moshi.

"Julai," alikuwa akisema, "Agosti, Septemba..."